Timu Inapozama Kazini kwa Pamoja

Tarehe 12 Oktoba 2019, katika bustani ya Prater jijini Vienna, Eliud Kipchoge alimaliza mbio za marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, muda ambao hadi siku hiyo hakuna binadamu aliyekuwa ameufikia. Hakukimbia peke yake. Wadhibiti kasi 41 walipokezana kwa makundi, watano mbele yake na wawili nyuma. Miongoni mwao walikuwamo Matthew Centrowitz, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 wa mwaka 2016, na mkongwe Bernard Lagat. Gari lililowatangulia lilimulika mistari ya mwanga barabarani ili kila mmoja ajue mahali pake. Kila kilomita iliwachukua takriban dakika 2 na sekunde 50.

Yaliyokuwa vichwani mwao siku ile hakuna aliyeyapima. Hata hivyo, mazingira waliyoandaliwa yanafanana mno na yale ambayo wanasaikolojia wanasema huiwezesha timu kuzama kazini kama mtu mmoja.

Hali ya kuzama ilielezwa kwa kina na Mihaly Csikszentmihalyi, mwanasaikolojia wa Marekani mwenye asili ya Hungaria, katika kitabu chake cha mwaka 1975. Aliwahoji wapanda milima, wachezaji wa sataranji, wacheza dansi na madaktari wa upasuaji. Wote walisimulia jambo moja: kazi inapomnasa mtu sawasawa, husahau saa, hujisahau mwenyewe, na mikono huenda bila kusukumwa. Hali hiyo huja pale ugumu wa kazi unapolingana na uwezo wa anayeifanya. Kazi ikiwa nyepesi mno, mtu huchoshwa nayo. Ikimzidi kimo, huingiwa na hofu.

Mwanafunzi wake Keith Sawyer, ambaye mwenyewe hupiga piano ya jazi, alilipeleka swali kwenye kundi. Kwa kuwachunguza wanamuziki wa jazi na waigizaji wanaobuni mchezo papo hapo jukwaani, aligundua kuwa kundi nalo huzama, na kwamba lina masharti yake. Nitaje manne.

La kwanza ni lengo linaloeleweka na wote. La pili ni kusikilizana: anayesubiri tu zamu yake ya kusema hayumo kazini. La tatu ni kuweka ubinafsi kando, kama wadhibiti kasi wale wa Vienna walivyokubali kukimbia kwa ajili ya muda wa mtu mwingine. La nne ni uwezekano wa kushindwa. Jaribio la kwanza la Kipchoge, mjini Monza mwaka 2017, lilikosa lengo la kumaliza chini ya saa mbili kwa sekunde 26 tu, kwa hiyo kila aliyefika Vienna alijua kwamba kosa dogo lingeweza kuharibu yote. Pasipo na cha kupoteza, akili hutangatanga.

Je, kundi huongeza kitu, au ni watu wengi waliozama kila mmoja kivyake? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwapima wapiga makasia wa chuo hicho. Walipofanya mazoezi pamoja kwa mwendo mmoja, uvumilivu wao wa maumivu ulipanda zaidi kuliko walipofanya mazoezi kila mtu peke yake, ingawa nguvu waliyotumia ilikuwa ileile. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, watafiti wa Japani na Marekani walipima mawimbi ya ubongo ya watu waliocheza mchezo wa muziki wawili wawili. Wawili hao walipozama pamoja, bongo zao zilienda kwa mlingano mkubwa zaidi kuliko muziki ulipovurugwa au walipotenganishwa kwa kizuizi wasionane. Tafiti hizi zilihusisha watu wachache, na hazithibitishi kwamba kila timu itafaulu. Zinachoonyesha ni kwamba kufanya pamoja si sawa na kufanya sambamba.

Kwa kiongozi wa timu, iwe ya wauguzi, ya mafundi au ya wahariri wa gazeti, kazi kubwa iko kabla ya kipenga. Wape watu lengo moja wanaloweza kulirudia kwa sentensi moja. Waache wafanye kazi pamoja muda wa kutosha wajuane mwendo, kwa maana kikosi kinachopanguliwa kila mwezi hakifiki huko. Hakikisha matokeo yanaonekana papo hapo, kama mistari ile ya mwanga. Wapangie kazi inayowanyoosha bila kuwavunja. Kisha, kazi ikishaanza, simu zizimwe na bosi anyamaze, kwani maelekezo ya kila dakika huwarudisha watu kwenye kujilinda.

Mkutano wa kuhamasisha na fulana za rangi moja havitoshi. Timu huzama kwa pamoja pale masharti haya yanapotimizwa, na kuyatimiza ni wajibu wa anayeiongoza.