Uso wenye Mstari wa Kijani: Rangi Inapoachana na Kitu

Katika Kiswahili, rangi tatu tu ndizo zenye vivumishi vinavyopatana na ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine nyingi huazima jina la kitu: kijani hutokana na jani, kijivu na jivu, kahawia na kahawa, zambarau na tunda. Yaonekana basi kwamba, kwetu, rangi ni mali ya kitu fulani. Je, mwalimu wa sanaa atazifafanuaje kwa lugha yetu picha ambamo rangi imekataa kumilikiwa?

Tuchukue mfano wa Mfaransa Henri Matisse (1869–1954). Mwaka 1905 alimchora mkewe, Amélie, katika picha mbili mashuhuri. Ya kwanza, Mwanamke mwenye Kofia, ilionyeshwa Paris katika Salon d'Automne ya mwaka huo. Watazamaji wengi walicheka, wengine wakakasirika. Mhakiki Louis Vauxcelles aliwafananisha Matisse na wenzake, akiwemo André Derain, na wanyama wakali. Jina hilo, fauves, likawaganda. Hata hivyo picha ilinunuliwa na Leo Stein na dada yake Gertrude, Wamarekani waliokuwa wakiishi Paris. Picha ya pili imehifadhiwa Copenhagen. Ndani yake mstari mnene wa kijani unashuka kutoka kwenye paji la uso na kupita juu ya pua.

Mstari huo haukutiwa kwa ukaidi. Wachoraji wa kale walitenganisha upande wa mwanga na upande wa kivuli kwa kuongeza giza hatua kwa hatua. Matisse aliikabidhi rangi kazi hiyo: shavu moja linaelekea manjano, la pili linaelekea waridi, na kijani kinasimama mpakani badala ya kivuli. Tena kijani na nyekundu ni rangi kinzani: zikikaa jirani, kila moja huizidishia mwenzake nguvu, kama alivyoeleza mkemia Chevreul katika kitabu chake cha mwaka 1839. Ukifunika mstari huo kwa kidole katika nakala ya picha, uso hupoteza mhimili wake.

Kwa hiyo kuuliza kama mama huyo alikuwa mgonjwa ni kukosea swali. Rangi hapa haiarifu habari za ngozi. Inapata thamani yake kutokana na rangi zilizo kando yake. Mwanaisimu hatashangaa, kwani tangu Saussure anajua kwamba neno nalo hupata thamani ndani ya mfumo, kwa kutofautiana na mengine.

Je, majina yetu ya rangi yanatuzuia? La. Asemaye "gari la kijani" hafikirii jani tena. Matumizi yamekwisha kuitenga rangi na kitu chake. Njia aliyoipita Matisse kwa brashi, lugha yetu imeipita kwa ulimi. Kinachotakiwa ni istilahi za uhusiano, kama vile rangi joto, rangi baridi na rangi kinzani, na mwalimu mwenye ujasiri wa kuzitumia darasani.