Vifundo vya Maharagi: Vyote Havifanani



Wakati maharagi ya shamba yetu ilianza kutoa maua, majani ya mistari miwili ilikuwa manjano. Tulisema mbegu ni mbaya. Kiisha tuling'oa mimea michache, tukaona mizizi imejaa vifundo. Basi, shida iko wapi?

Ndani ya kila kifundo kunaishi bakteria wengi sana. Hewa iko na azoti karibu 78 kwa mia, lakini mmea peke yake hauwezi kuikamata. Bakteria wanaikamata na kuigeuza chakula cha mmea, nao mmea unawalipa sukari. Hellriegel na Wilfarth wa Ujerumani walionyesha kazi ya vifundo tangu 1886. Mwaka 1888, Beijerinck wa Uholanzi aliwatoa bakteria hao na kuwafuga peke yao.

Lakini bakteria hawa si wa kabila moja. Wale wa soya na karanga kwa kawaida ni Bradyrhizobium. Wale wa maharagi ni Rhizobium, tena wa aina nyingi: phaseoli, etli, tropici na wengine. Jeni zao zinatofautiana. Kwa Rhizobium, jeni za kutengeneza kifundo ziko juu ya kipande kidogo cha ADN, na bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake kipande hicho. Ndiyo sababu udongo wa shamba moja unaweza kuwa na namna nyingi.

Tofauti hizo ziko na faida. Tropici anavumilia udongo wenye asidi, pahali wengine wanashindwa. Lakini ziko na hatari pia, kwa maana maharagi haichagui sana wageni. Inafungulia mlango hata mvivu, anakula sukari bila kuleta azoti ya kutosha.

Namna gani kumjua mvivu? Wakati wa maua, mupasue kifundo kwa wembe. Ndani kukiwa kwekundu kama damu, kazi inaendelea. Kukiwa kweupe ao kijani, hakuna kazi. Vya mimea yetu ya manjano vilikuwa vyeupe karibu vyote! Mbegu tuliisingizia bure.

Basi ndugu, musihesabu vifundo tu, mupasue. Hata kanisani, wingi wa watu kwenye viti si wingi wa watenda kazi.