MIPIGO MIWILI NA MIPIGO MINNE: TUSICHANGANYE

Wengi wanaotumia pampu ndogo za bustani wanauliza: kwa nini injini hii inatiwa petroli yenye oili, na ile petroli tupu?

Pigo ni pistoni kupanda au kushuka mara moja. Injini ya mipigo minne huvuta hewa na petroli, huibana, huiwasha, kisha hutoa moshi. Oili yake hukaa chini, mahali pake. Pimeni kabla ya kuwasha.

Injini ya mipigo miwili humaliza kazi hiyo yote pistoni ikipanda na kushuka mara moja tu. Kwenye pampu hizi ndogo haina oili chini. Hulainishwa na oili iliyomo ndani ya petroli. Fuateni kipimo kilichoandikwa. 25:1 ni mililita 40 za oili kwa lita 1 ya petroli. 50:1 ni mililita 20.

Mkiitia petroli tupu, pistoni itakwama, pampu itakufa, na mboga za watoto zitakauka.

Changanyeni mbali na moto. Asiye na hakika amwulize fundi kwanza.