Baraza ya Mbao Kuukuu

Nyumba ya Mwambao huanzia barazani: hapo mgeni hukaribishwa, posa huzungumzwa, na watoto hushika juzuu zao. Tulipohamia Kitale tulipata nyumba njema isiyo na pa kuketi nje. Marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma, iliyowekwa Februari 2018 na kuondolewa Julai 2023, ilikuwa ingali na nguvu, na mbao mpya hazikamatiki kwa bei. Tukaanza na vipande vya nguzo za umeme tulivyouziwa njiani, kisha tukateremka Bungoma, kwa njia ya Kiminini na Webuye, kutafuta paleti za shehena kwa seremala mmoja mzee.

Mzee yule alitufunza kuisoma mbao kabla ya kuipiga randa. Paleti iliyovuka mipaka hugongwa mhuri wenye suke la ngano. Herufi HT maana yake imetiwa joto hadi nyuzi 56 kwa nusu saa. MB, imefukizwa kwa methyl bromide, gesi ya sumu. Isiyo na mhuri haina nasaba, akasema, nasi hatukuichukua.

Tukamweleza habari ya zile nguzo za kijani tulizoacha nyumbani. Akaweka nyundo chini.

“Makombo yake mmeyafanya nini, wanangu?”

Tulikuwa tumeyapikia uji wa watoto siku mbili, na majivu tumeyamwaga kwenye sukuma wiki. Dawa inayozikinga nguzo hizo na mchwa ina shaba, kromi na aseniki. Moshi wake ni sumu, na majivu ni zaidi. Alhamdulillahi, hakuna aliyeugua. Sukuma tuliing'oa yote, na udongo wa juu tukauzoa.

Benchi yenyewe haikuwa kazi kubwa. Misumari tuliing'oa kwa mtalimbo uliotangulizwa kibao chini yake, mbao isipasuke. Tukapiga msasa nje, vitambaa puani. Tukafunga kwa skrubu. Kati ya ubao na ubao tuliacha nafasi ya kidole, maana mvua ya Kitale haina adabu, na miguu tukaisimamisha juu ya mawe. Mafuta ya kitani tulipaka mara tatu.

Mzee alipotutembelea baada ya laasiri, hakuketi kwanza. Aliipindua benchi, akatafuta mihuri, ubao kwa ubao, ndipo akaomba chai.