Muuaji Unamjua Tangu Mwanzo

Kumharibia mtu uhondo wa picha ya upelelezi ni rahisi: mwambie nani kaua. Columbo, tamthilia ya Kimarekani, inakuharibia yenyewe tena kwa makusudi. Kabla hujatulia kwenye kiti umeshamwona muuaji, umeona alivyoua, umemwona akifuta alama za vidole na kupanga uongo wake. Ukiwa umeanza kuuliza steringi yuko wapi, anatokea jamaa mfupi, koti la mvua limekunjamana, sigara nene mkononi, anajipapasa mifukoni kutafuta kalamu na haipati. Huyo ndiye Luteni Columbo wa polisi wa Los Angeles.

Waliombuni ni Richard Levinson na William Link, marafiki tangu shuleni Philadelphia. Peter Falk alimwigiza kwenye televisheni kwa mara ya kwanza mwaka 1968, mfululizo ukaanza rasmi 1971, na hadi 2003 zilikuwa zimetoka episodi 69. Falk alitolewa jicho la kulia akiwa na miaka mitatu kwa sababu ya uvimbe, na lile la bandia ndilo linalompa Columbo sura ya mtu anayekusikiliza huku mawazo yake yako kwingine. Usidanganyike.

Mimi kazi yangu ni kukagua madai ya bima za magari hapa Dar es Salaam, na kwa sababu hiyo namtazama kwa jicho la kikazi. Mtu aliyepanga kudanganya hujiandaa kwa maswali makubwa: ajali ilitokea wapi, saa ngapi, nani alimgonga nani. Muulize ulikuwa unakwenda kununua nini, na mwishowe ulikinunua wapi, uone anavyoanza kumeza mate. Columbo anaishi kwenye maswali hayo madogo.

Chukua episodi ya mwaka 1973 iitwayo Any Old Port in a Storm. Adrian Carsini, anayeigizwa na Donald Pleasence, anatengeneza divai na kuipenda kuliko watu. Shamba ni mali ya mdogo wake wa baba mmoja, na kijana anataka kuliuza. Adrian anampiga kichwani, anamfunga kamba na kumwacha kwenye ghala la divai, anazima kiyoyozi ili akose hewa, kisha anapanda ndege kwenda New York. Akirudi anamvika maiti nguo za kuzamia na kumtupa baharini, ionekane kafa akiogelea.

Columbo anapata vitu viwili vya ajabu. Marehemu, kijana tajiri mpenda starehe, alikuwa hajala kwa siku mbili. Na gari lake, linalodaiwa kukaa pale ufukweni siku kadhaa, halina hata alama ya tone, ilhali mvua ilinyesha. Hapo mtu wa bima aliyemo ndani yangu alisimama kupiga makofi.

Ila ushahidi hasa unatoka kinywani mwa muuaji. Columbo anamwalika chakula cha jioni, inaletwa divai ya port ya zamani ya thamani kubwa, Adrian anaonja na kufoka mbele ya watu: divai hii imeunguzwa na joto! Kumbe chupa imetoka kwenye ghala lake mwenyewe. Alipokuwa New York lilipiga joto kali, na kiyoyozi alikizima yeye. Ulimi ule aliojivunia maisha yake yote ndio uliomfunga.

Na hapa ndipo penye utamu wa Columbo. Wauaji wake si vibaka wa stendi. Ni madaktari bingwa, waandishi, waongozaji wa okestra, wenye majumba yenye mabwawa ya kuogelea, na yeye anawafikia na Peugeot 403 iliyochoka, kaka wa zile 404 na 504 tulizozifahamu barabarani kwetu. Wanamdharau, na kwa kumdharau wanamsaidia: wanamfundisha, wanamsahihisha, wanampa maelezo ambayo hakuyaomba. Yeye anasifia nyumba, anamtaja mkewe ambaye hatumwoni kamwe, anaaga, anafika mlangoni, anageuka: samahani bwana, kuna jambo moja dogo. Ni inzi wa msimu wa maembe, ukimfukuza karudi. Levinson na Link walisimulia kwamba kituko hicho kilizaliwa na uvivu: onyesho lilikuwa fupi, Columbo ameshatoka, na hawakutaka kupiga chapa upya, basi wakamrudisha.

Mama yangu, ambaye Kiingereza chake hakivuki salamu, anafuata kila kitu kwa nyuso tu. "Anajimaliza na mdomo wake, mwanangu," huniambia, na hajakosea bado.

Kasoro zipo. Wakili yeyote mzuri angewatoa nusu ya wauaji hawa mahakamani, maana wengi wanakiri pale ambapo wangenyamaza tu. Na anayetaka risasi na magari kupinduka atalala usingizi.

Ukitaka kuanza, anza na Murder by the Book ya 1971. Iliongozwa na Steven Spielberg akiwa na miaka 24, kabla dunia haijamjua kwa Jaws, na sikiliza anavyoutumia mlio wa taipureta mwanzoni. Za kuanzia 1989 ziache kwanza. Falk ni yule yule, lakini maadui wamepungua makali.