Ijue Mimea Yenye Sumu Iliyo Uani Kwako

Mzee mmoja alifika ofisini kwetu asubuhi na mapema, naye amechukua tawi lililofungwa katika gazeti. Aliliweka juu ya meza akaniuliza, "Mwanangu, hili ni jani gani?" Jana yake jioni alikuwa amekata kichaka cha maua mbele ya nyumba, na matawi akayatupa ng'ambo ya seng'enge, upande wa malisho. Usiku ng'ombe wake wa maziwa alihara na kutetemeka, na kulipopambazuka alikutwa amekufa. Mzee hakuwa na ng'ombe mwingine, na karo ya watoto ilitoka katika maziwa yake.

Tawi lile lilikuwa la oleanda. Habari hii naiandika ili mkulima mwingine asije akapata hasara kama ile, au hasara iliyo kubwa zaidi, maana uani hucheza watoto pia.

MAUA YALIYOACHWA NA WALOWEZI

Mashamba mengi ya skimu zetu yalikuwa ya walowezi wa Kizungu kabla ya Mpango wa Ekari Milioni Moja ulioanza mwaka 1962. Walowezi walipenda bustani, nao walipanda maua yaliyotoka nchi za mbali. Wao waliondoka, lakini maua yalibaki, na watu wengine wakachukua vipandikizi wakapanda kwao. Basi, mtu aweza kuishi na mmea miaka mingi asijue tabia yake.

Oleanda ina majani marefu, membamba na magumu, na maua ya rangi ya waridi, meupe au mekundu. Mmea wote una sumu ya kuharibu mwendo wa moyo. Majani yanayojaa mkono mmoja tu yaweza kumwua ng'ombe mzima. Tena ni vizuri kujua ya kwamba jani bichi ni chungu na mnyama hulikwepa, lakini likikauka ule uchungu hupungua, na sumu hubaki. Kwa hiyo matawi yaliyokatwa ni ya hatari kuliko kichaka kinachosimama. Usiyatumie kuwa kuni, wala usiyafanye vijiti vya kuchomea nyama.

Iko na ndugu yake yenye maua ya manjano kama kengele, utomvu mweupe, na tunda lenye kokwa gumu ndani. Hiyo nayo hudhuru moyo, na kokwa lake ndilo baya zaidi.

Yako pia maua makubwa meupe au ya rangi ya pichi yanayoning'inia kama tarumbeta, ambayo watu wengi wa nyanda za juu hupanda kuwa ua wa boma. Sumu yake ni ya jamii moja na ile ya mnanaha, nitakayoieleza hapa chini.

MIMEA YA UA NA YA KANDO YA NJIA

Lantana, yenye vishada vya maua madogo ya rangi nyingi na majani yanayokwaruza, hudhuru ini la ng'ombe, kondoo na mbuzi. Mara nyingi anayeila ni mnyama aliyenunuliwa mahali pengine asiyeijua, au mwenye njaa wakati wa kiangazi. Mnyama huyo huacha kula, macho yake hugeuka manjano, na ngozi yake, hasa penye mabaka meupe, hupasuka kwa jua. Mweke kivulini na umwite daktari wa mifugo upesi.

Mnyaa, ambao wengine huuita kariaria, hufanya ua mzuri usiopitwa na ng'ombe. Lakini utomvu wake ukiingia jichoni huchoma sana na waweza kumfanya mtu asione. Anayeukata na ajifunike macho, na akae upande unakotoka upepo.

Mbarika ni mmea wa asili ya pande zetu hizi za Afrika. Mafuta yake yaliyotengenezwa vizuri hayana ile sumu kali, kwa kuwa sumu hubaki katika makapi. Lakini mbegu zake, zenye madoa mfano wa kupe aliyeshiba, huwapendeza watoto. Mtoto akiitafuna mbegu hiyo, baada ya saa kadhaa hutapika na kuhara, pengine damu, na aweza kufa. Kwa hiyo asiachwe achezee mbegu za mbarika, wala mifugo wasipewe makapi yake.

MNANAHA UNAPOINGIA CHAKULANI

Mnanaha humea penyewe juu ya samadi ya boma na katikati ya mahindi. Una ua la tarumbeta jeupe au la zambarau, harufu mbaya, na tunda la miiba lenye mbegu ndogo nyeusi. Alaye mnanaha hukaukiwa na kinywa, mboni za macho hupanuka, moyo hupiga mbio, naye huanza kusema maneno yasiyo na maana. Wengine humdhania mtu huyo amerogwa, wakachelewa kumpeleka hospitali.

Mwaka 2019, katika Karamoja nchini Uganda, karibu watu 300 waliugua na 5 wakafa baada ya kula uji wa unga wa msaada. Wapimaji walikuta katika unga ule sumu ya namna ile ile ya mnanaha. Kuupika uji hakukuiondoa.

Basi ung'oe mnanaha kabla haujazaa mbegu. Chekecha nafaka na maharagwe kabla ya kuweka ghalani au kupeleka kinuni. Na mtoto anayetumwa kuchuma mchicha au mnavu afundishwe kwanza kuutofautisha na mnanaha ungali mchanga.

Hata kiazi, chakula chetu cha kila siku, kikikaa juani hugeuka kijani na kufanya sumu isiyoondoka kwa kuchemshwa. Weka viazi gizani. Kilichogeuka kijani sana au kilicho kichungu kitupe, usimpe mtu wala mnyama.

USIPIME KWA MBUZI

Wako wasemao, "Mbuzi amekula hakufa, basi si sumu." Wengine husema hivyo kwa kuwaona ndege. Hicho si kipimo, kwa maana miili haifanani, na kiasi kisichomdhuru mmoja chaweza kumwua mwingine. Tena si kila kinachoogopwa ni cha kuua. Lile ua la Krismasi lenye majani mekundu limesingiziwa miaka mingi kuwa huua watoto, lakini kwa kawaida huwasha ngozi na kuchafua tumbo tu. Ujuzi ni bora kuliko woga, na ni bora kuliko ujasiri wa mjinga.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, tembea uani kwako pamoja na watoto, mkitaja kila mmea kwa jina. Usioujua, chukua tawi umwonyeshe Bwana Shamba.

Pili, matawi ya maua na ya ua yafukie katika shimo refu. Usiyatupe malishoni wala penye maji ya mifugo.

Tatu, mtoto akila mmea wa sumu, mtoe mabaki kinywani, umsukutue kwa maji, na umpeleke hospitali mara moja pamoja na kipande cha mmea ule. Usimtapishe kwa nguvu, wala usimnyweshe maji ya chumvi. Usingoje mpaka augue, kwa maana sumu nyingine hukawia.

Nne, utomvu ukiingia jichoni, lioshe kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa muda wa robo saa au zaidi, kisha nenda hospitali.

Hatusemi kila mtu akate maua yake yote. Yule mzee mwenyewe hakukosa kwa kuwa na kichaka, bali kwa kutokijua. Siku ile aliondoka ofisini na majina ya mimea sita katika karatasi, akasema ataibandika mlangoni ili wajukuu waisome. Nawe msomaji, fanya vivyo hivyo leo, kwa maana majuto ni mjukuu.