Linux haina bei, lakini ina deni lake

KATIKA kila tarakilishi mna programu moja ambayo mtumiaji haioni kamwe, ingawa pasipo hiyo hakuna kifanyacho kazi. Huitwa kiini cha mfumo. Kazi yake ni kugawa kumbukumbu, kuipa kila programu zamu yake na kuwasiliana na vifaa kama skrini, diski na printa.

Ili kuwasiliana na kifaa, kiini huhitaji mkalimani, yaani programu ndogo iitwayo kiendeshi. Mara nyingi anayeielewa vyema lugha ya kifaa ni kampuni iliyokiunda.

Hapo ndipo ulipozuka mzozo ambao umedumu zaidi ya miaka ishirini: je, kampuni ina haki ya kuingiza kiendeshi chake katika kiini cha Linux, kisha ikaficha jinsi kilivyoandikwa?

Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Mwaka wa 1992 aliiweka chini ya leseni ya GPL, iliyobuniwa na Mmarekani Richard Stallman.

Leseni hiyo humruhusu yeyote kuitumia programu, kuichunguza, kuirekebisha na hata kuiuza. Sharti ni kwamba anayewasambazia wengine programu hiyo, pamoja na marekebisho yake, lazima awape pia msimbo wake, yaani maagizo katika lugha ambayo binadamu aweza kuisoma.

Kampuni kadhaa, zikichelea kuwafichulia washindani siri zao, zilitoa viendeshi katika lugha ya mashine pekee. Mfano mashuhuri ni Nvidia, waundaji wa kadi za michoro.

Watetezi wa viendeshi hivyo hudai kwamba kiendeshi kilichotungwa awali kwa ajili ya mfumo mwingine hakiwezi kuitwa zao la Linux. Wapinzani nao hujibu kwamba programu inayoishi ndani ya kiini, na isiyoweza kufanya kazi bila hicho, ni sehemu yake. Leseni yenyewe haivitaji viendeshi.

Watunzaji wa Linux walijihami kwa ufundi. Baadhi ya huduma za kiini zimetengewa viendeshi vinavyotangaza kwamba vimekubali GPL. Kiini kikipokea kiendeshi cha siri, hujitia alama ya kuchafuliwa, ili mrekebishaji ajue kwamba hitilafu huenda imetoka mahali asipoweza kuchungulia.

Mwaka wa 2004 iligunduliwa hila. Kiendeshi cha modemu cha kampuni ya Linuxant ya Kanada kilijitangaza kuwa cha GPL, kisha kikaweka alama ya kukifanya kiini kikome kusoma. Baada ya alama hiyo ndipo yalipofuata maneno ya kuibana ruhusa hiyo. Kampuni ilijitetea kwamba ilitaka kuwaepushia wateja maonyo ya mara kwa mara.

Mwaka uo huo, mahakama ya Munich, Ujerumani, iliizuia kampuni ya Sitecom kusambaza kifaa cha mtandao chenye programu za Linux bila kutimiza masharti. Ilidhihirika kwamba leseni hii ina nguvu za kisheria.

Hata hivyo, swali la mpaka wa kiini halijapata jawabu. Christoph Hellwig, mmoja wa waandishi wa Linux, aliishtaki VMware jijini Hamburg. Kesi ilitupwa mwaka wa 2016 na rufaa mwaka wa 2019, kwa kuwa hakuthibitisha vya kutosha sehemu alizoandika mwenyewe. Kiini cha shauri hakikuamuliwa.

Haya si ya wataalamu pekee. Simu za Android huendeshwa na kiini cha Linux. Kampuni iliyounda kifaa fulani ikiacha kukitunza kiendeshi chake cha siri, hakuna mwingine awezaye kukitengeneza ipasavyo. Simu ingali nzima, lakini huenda ikakosa kinga mpya dhidi ya wadukuzi.

Mnamo Mei 2022, Nvidia ilitoa msimbo wa viendeshi vyake vya kiini kwa kadi za kisasa, ingawa sehemu kubwa ya programu zake nyingine ilibaki siri. Ni hatua, japo ilichelewa. Aliyejengewa nyumba na umma hana budi kuuachia umma ufunguo wa chumba alichoongeza. Wahenga walisema: dawa ya deni ni kulipa.